Mwimbaji Aliyechungulia Koo Lake

Usiku wa manane kuamkia tarehe 14 Desemba 1799, George Washington alimwamsha mkewe akamwambia kuwa anaumwa sana. Alikuwa na umri wa miaka 67, keshastaafu urais wa Marekani, na akiishi shambani kwake Mount Vernon, Virginia. Siku mbili kabla alikuwa amezunguka shamba juu ya farasi, theluji na mvua vikimnyeshea, na aliporudi alikaa mezani kula na nguo zake zilezile mbichi. Kesho yake koo likaanza kumuuma, sauti ikamkauka. Sasa hapumui ila kwa taabu. Akatengenezewa dawa ya molasi, siki na siagi. Alipojaribu kuimeza ikamkaba, nusura imtoe roho.

Msimamizi wa shamba akaitwa amtoe damu. Walipofika madaktari nao wakaitoa tena na tena, mpaka jumla ikapita lita mbili kwa siku moja. Mdogo kuliko wote, Elisha Cullen Dick, aliyekuwa na miaka 37, alipinga kuendelea kumkamua damu. Alishauri mgonjwa atobolewe shingo chini ya koromeo apate pa kupitishia hewa. Wakubwa wake, James Craik na Gustavus Brown, hawakukubali. Washington alifariki usiku huohuo, kabla ya saa tano.

Wengi wa madaktari wa leo waliosoma maelezo yaliyoachwa na katibu wake wanaamini kwamba kilichomuua ni uvimbe wa kidakatonge, kile kifuniko chembamba kilicho sentimita chache tu nyuma ya ulimi. Wataalamu watatu walikizunguka na hakuna aliyekiona. Tusiwalaumu kwa hilo. Mwaka 1799 hapakuwa na daktari popote duniani aliyepata kuona koo la mtu aliye hai likifanya kazi yake. Yote yaliyojulikana yalitoka kwa maiti na kwa wanyama waliopasuliwa. Aliyekuja kuufungua mlango huo, miaka 55 baadaye, hakuwa daktari hata kidogo.

Kabla ya kumfikia, inafaa tujue alichokuwa akikitafuta. Koo ni njia panda. Hewa huingia kwa pua, juu na nyuma ya kinywa. Chakula huingia kwa kinywa, mbele. Lakini chini ya hapo mambo hugeuka: bomba la pumzi liko mbele, na umio unaoshusha chakula tumboni uko nyuma yake. Kwa hiyo kila tonge na kila funda la maji lazima lipite juu ya tundu la pumzi. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya spishi, aliitaja ajabu hii, kwamba tumeumbwa kwa namna inayotuweka karibu na ajali kila tunapokula.

Mlinzi wa tundu hilo ni zoloto, kisanduku cha gegedu ambacho kwa wanaume huchomoza mbele ya shingo. Weka kidole hapo umeze mate, utalisikia likipanda. Linapopanda na kusogea mbele, hujificha chini ya shina la ulimi. Papo hapo nyuzi za sauti zilizo ndani yake hukutana na kuziba njia, kidakatonge hulala juu yake, pumzi husita, na mdomo wa umio hufunguka. Mambo yote hayo humalizika kwa muda wa sekunde moja hivi. Hatua moja ikichelewa, mtu hupaliwa, macho yakamtoka, akakohoa mpaka punje ya wali iliyokosea njia irudi ilikotoka.

Tumezoea kuliita zoloto kiungo cha sauti, na ndivyo vitabu vya shule vinavyotaja mwanzo. Mpasuaji wa London, Victor Negus, hakuridhika na maelezo hayo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1929 alilinganisha makoo ya wanyama wengi, akianzia na samaki wenye mapafu. Kamongo tunayemla kando ya Ziwa Victoria ni wa kundi hilo. Tundu lake la pumzi lina msuli wa kulibana maji yasiingie mapafuni, basi, haimbi, haongei. Negus alihitimisha kuwa zoloto lilianza kazi kama bawabu, na sauti ilikuja baadaye sana, ikapangishwa kwenye nyumba iliyokuwa na mwenyewe.

Hata hivyo, walioanza kulichunguza koo walivutwa na sauti. Katika karne ya 2, mjini Roma, aliishi tabibu Galen, mzaliwa wa Pergamon katika nchi iitwayo leo Uturuki. Wakati huo wafuasi wa Aristotle walishikilia kuwa akili na usemi hukaa moyoni. Ushahidi wao ulionekana mzito: sauti hutoka kifuani, na kifuani mna moyo. Galen aliamini kuwa inayoamuru ni bongo. Alikuwa ameona neva mbili nyembamba kama unywele zikiingia kwenye misuli ya zoloto, moja kila upande, na alijua kuwa zikifungwa au kukatwa mnyama huwa bubu bila kupoteza uhai wala nguvu nyingine.

Afisa mkubwa wa dola, Flavius Boethus, alimwandalia onyesho mbele ya wasomi. Galen alichagua nguruwe kwa sababu ya makelele yake, kwani huwezi kuonyesha kunyamaza kwa mnyama aliyekuwa kimya tangu hapo. Kabla kisu hakijashika, mwanafalsafa mmoja, Alexander wa Damascus, aliuliza iwapo ni halali kuamini yale ambayo milango ya fahamu inatuonyesha. Galen alikasirika akaondoka zake. Baadaye onyesho likafanywa kweli mbele ya kundi la wasomi. Nguruwe alipiga kelele, uzi ukakazwa kwenye neva, kelele zikakatika. Uzi ulipolegezwa, kelele zikarudi. Ni ukatili, na hakuna kamati ya maadili ya utafiti ambayo ingeuidhinisha leo. Lakini mpaka hapo haikuwahi kuonyeshwa hadharani kwa uwazi ule kwamba bongo ndilo linaloendesha kazi za mwili.

Neva zile zina njia ya kushangaza. Hushuka kutoka kichwani zikalipita zoloto, zikaenda mpaka kifuani; ya kushoto huzunguka mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, kisha hupanda tena shingoni kurudi mahali zilipopita mwanzo. Kwa binadamu mzunguko huo ni mfupi. Kwa twiga, neva hiyo husafiri mita 4 hivi kwenda na kurudi, ili kufika mahali palipokuwa karibu nayo tangu awali. Ndiyo maana mgonjwa aliyekaukiwa sauti kwa wiki nyingi hupigwa eksirei ya kifua: uvimbe ulio karibu na moyo unaweza kumnyamazisha mtu bila kuligusa koo.

Baada ya Galen karne nyingi zilipita ambazo hazina mengi ya kutusimulia. Mwaka 1543 Andreas Vesalius alitoa kitabu chake kikubwa cha maumbile ya mwili, na mwanzoni mwa karne iliyofuata Giulio Casserio wa Padua alichora zoloto la binadamu na wanyama kwa ustadi ambao bado unapendeza macho. Mwaka 1741, mjini Paris, Antoine Ferrein alichukua mazoloto ya mbwa na ya binadamu waliokufa, akayapuliza hewa, nayo yakatoa sauti. Nadhani chumba chake hakikuwa mahali pa kukaa usiku. Alichoona ni kingo mbili zikitetemeka, naye akazilinganisha na nyuzi za zeze na pumzi akaifanya ndiyo upinde. Mfano ulikuwa na kasoro, maana kingo zile ni mikunjo ya nyama laini iliyofunika msuli, wala hakuna uzi uliotandazwa hewani. Jina lakini liling'ang'ania, na tunalitumia hadi leo.

Kulitazama koo la mtu aliye hai kulijaribiwa mara kadhaa. Mwaka 1806 Philipp Bozzini wa Frankfurt alitangaza chombo chenye mshumaa na vioo cha kumulika matundu ya mwili. Wakubwa wa tiba wa Vienna walikipuuza, naye akafa kijana miaka mitatu baadaye. Mwaka 1829 Benjamin Babington aliwaonyesha wenzake wa London kioo kidogo chenye mpini cha kutia kooni. Hakikuenea. Tatizo lilikuwa lilelile: mwanga hafifu, na koo lenyewe, ambalo likiguswa tu hutaka kutapika.

Mtu wetu ni Manuel García, Mhispania aliyezaliwa tarehe 17 Machi 1805 katika nyumba ambayo kuimba kulikuwa mkate wa kila siku. Baba yake, mwenye jina hilohilo, alikuwa mwimbaji ambaye Rossini alimtungia nafasi ya Almaviva katika opera ya Kinyozi wa Seville. Dada zake wawili, Maria Malibran na Pauline Viardot, walikuja kuwa miongoni mwa waimbaji mashuhuri kabisa wa karne yao. Mwaka 1825 familia ilivuka bahari kupeleka opera ya Kiitaliano New York. Baba aliwasukuma watoto wake bila huruma, na Manuel akapewa kuimba nafasi ya Figaro angali kijana ambaye sauti yake haijakomaa. Kutoka New York wakaenda Mexico, ambako majambazi waliwavamia njiani wakawapora mapato yao yote.

Sauti ya kijana huyo haikuihimili kazi ile. Aliporudi Ulaya aliachana na jukwaa. Mwaka 1830 alifuatana na jeshi la Ufaransa lililokwenda kuivamia Algeria, akiwa katika kazi za utawala. Baadaye alifanya kazi katika hospitali za kijeshi, akapata nafasi ya kusoma maumbile ya koo. Nadhani mtu asiyepoteza sauti yake asingekuwa na sababu ya kuyasoma. Mwaka 1840 aliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris maandiko yake juu ya sauti ya binadamu. Kufikia hapo alikwisha kuwa mwalimu, na mwalimu wa waliovunjika. Mwaka 1841 alimjia msichana wa Kiswidi, Jenny Lind, ambaye sauti yake ilikuwa imechakazwa na jukwaa. García hakumfundisha kitu kwanza. Alimwamuru anyamaze kwa majuma kadhaa, ndipo arudi. Lind alirudi, na baada ya miaka michache Ulaya na Marekani zilikuwa zikigombania tiketi za kumsikiliza.

Kilichomtesa García ni kwamba alifundisha kiungo ambacho hakupata kukiona kikifanya kazi. Siku moja ya Septemba 1854, akiwa likizoni Paris, alikuwa akitembea kwenye bustani ya Palais Royal, jua likimulika vioo vya madirisha. Wazo likamjia ghafla: vioo viwili, kimoja cha kupeleka mwanga, kimoja cha kutazamia. Alikwenda moja kwa moja kwa Charrière, fundi wa vyombo vya tiba, akauliza kama anacho kioo kidogo chenye mpini mrefu. Fundi alikuwa nacho kimoja cha madaktari wa meno, ambacho kilishapelekwa kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1851 na hakikupata mtu wa kukitaka. Kilimgharimu faranga 6.

Akakimbia nacho nyumbani. Alikipasha katika maji ya moto ili kisipate ukungu wa pumzi, akakikausha, akakiegemeza kwenye kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya kinywa. Kwa mkono wa pili alishika kioo kingine akakirushia jua. Akaona. Nyuzi za sauti zilikuwa wazi mbele yake, na chini yake sehemu ya bomba la pumzi. Uzoefu wake wa uimbaji ulimsaidia pale ambapo madaktari walikwama, kwani alijua kulituliza koo lake, kulifungua na kulishikilia. Wataalamu waliokuja baadaye walihangaika kwa miaka na wagonjwa waliokuwa wakitapika, mpaka ilipogunduliwa huko Vienna mwaka 1884 kuwa kokeni hutia ganzi.

Hapa lazima nikitaje kimeo, maana kimeonewa sana, hasa kwetu. Katika sehemu nyingi za Tanzania, mtoto akikohoa kikohozi kisichokwisha husemwa kimeo chake ni kirefu, hupelekwa kwa mkata vimeo, na kikakatwa kwa kisu au waya. Hospitali hupokea watoto waliovuja damu nyingi au walioambukizwa wadudu kwenye kidonda. Kimeo hakileti kikohozi. Pamoja na kaakaa laini husaidia kuziba njia ya puani mtu anapomeza, na hulilainisha koo kwa mate. Kikohozi cha miezi kina vyanzo vyake, na kifua kikuu ni kimojawapo. Mtoto aliyekatwa kimeo hurudi nyumbani na kikohozi chake palepale.

García aliandika alichokiona. Tarehe 24 Mei 1855 maelezo yake yalisomwa mbele ya Royal Society ya London, mji aliohamia tangu mwaka 1848 na alikokuwa mwalimu katika Royal Academy of Music. Alieleza jinsi nyuzi zinavyokaribiana mtu anapotaka kutoa sauti, zinavyonyooka na kukonda sauti inapopanda, na akasema kuwa sauti huzaliwa pale hewa inapokatwakatwa na mlango unaofunguka na kufunga upesi upesi. Mwalimu wa kuimba, hana shahada ya tiba, na bado jibu lake lilikuwa karibu na ukweli kuliko la baadhi ya maprofesa waliomfuata. Miaka 95 baadaye, mjini Paris, Raoul Husson alidai kuwa kila mtetemo wa nyuzi huletwa na amri yake ya neva kutoka bongoni. Ilimchukua Mholanzi Janwillem van den Berg, mwaka 1958, kuonyesha kwa hesabu na majaribio kuwa bongo huziweka nyuzi mahali pake tu. Zinazozitetemesha, mara mia moja na zaidi kwa sekunde katika maongezi ya kawaida, ni pumzi na mnyumbuko wa nyama yenyewe.

Madaktari wa London hawakuujali sana ugunduzi ule. Ulipata wenyewe Vienna. Mwaka 1857 Ludwig Türck, bingwa wa magonjwa ya neva, alianza kutazama makoo ya wagonjwa wake kwa kioo akitegemea jua. Vuli ya Ulaya haina jua la kutosha, na ilipoingia akaweka vioo kabatini. Johann Czermak, profesa wa fiziolojia, akaviazima. Czermak hakusubiri jua. Alichukua taa, akajifunga kioo chenye tundu katikati kilichozoeleka kwa madaktari wa macho, akamulika usiku na mchana, na mwaka 1858 akatangaza matokeo. Türck akaona ameibiwa. Ugomvi wao ulijaza majarida kwa miaka, na wenye mizaha wakauita Vita vya Waturuki kwa sababu ya jina la mmoja wao. Chuo cha Sayansi cha Paris kilipotoa zawadi mwaka 1861 kiliigawa nusu kwa nusu, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote kati yao. García mwenyewe aliendelea kufundisha ngazi za sauti London, akaufuatilia ugomvi huo kwa mbali.

Czermak alikuwa na kipaji cha uenezi. Alizunguka miji ya Ulaya akijionyesha koo lake mwenyewe, pana na rahisi kutazamika. Mwaka 1859, huko Pest, alijifunza kwake daktari kijana wa Kiingereza, Morell Mackenzie, aliyerudi London akafungua mwaka 1863 hospitali ya kwanza ya magonjwa ya koo peke yake. Vidole vyake vilisifika. Alikuwa na uwezo wa kuingiza koleo jembamba kooni, akitazama kwa kioo ambacho hugeuza kila kitu mbele nyuma, akang'oa kivimbe bila kukata shingo. Wakati huohuo wapasuaji wa Vienna walikwenda njia nyingine: tarehe 31 Desemba 1873 Theodor Billroth aliondoa zoloto lote la mgonjwa wa saratani, operesheni ya kwanza ya aina hiyo kwa ugonjwa huo. Mgonjwa aliishi miezi kadhaa, akatengenezewa na msaidizi wa Billroth chombo cha kumrudishia sauti. Kisha saratani ikarudi.

Njia hizo mbili, ya koleo na ya kisu, ziligongana katika koo moja. Januari 1887 Friedrich, mrithi wa ufalme wa Ujerumani na mkwe wa Malkia Victoria, alianza kukaukiwa na sauti. Alikuwa na miaka 55, mtu wa miraba minne aliyependwa na wale waliotaka Ujerumani yenye bunge lenye nguvu. Baba yake, Kaisari Wilhelm I, alikuwa amekaribia miaka 90, na ufalme ulitarajiwa wakati wowote. Profesa Karl Gerhardt wa Berlin alitazama kwa kioo akaona kivimbe kidogo kwenye uzi wa kushoto. Akakichoma kwa waya wa moto, kikao baada ya kikao. Kikarudi. Mwezi Mei akaitwa mpasuaji Ernst von Bergmann, aliyeshauri koo lipasuliwe na kivimbe kikatwe, akiamini ni saratani. Bismarck aliandika baadaye kuwa madaktari walikuwa tayari kulifanya hilo bila kumweleza mgonjwa, na kwamba yeye na Kaisari mzee walilizuia.

Mackenzie akaitwa kutoka London, akafika Berlin tarehe 20 Mei. Alisema hakuna kupasua kabla ya kuthibitisha, akaingiza koleo lake, akatoa kipande cha nyama. Kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, mwanasayansi mkubwa kuliko wote Ulaya wa kusoma magonjwa kwa hadubini. Virchow hakuona saratani. Vipande vingine vikafuata, na jibu likawa lilelile. Kwa utaratibu wa leo Mackenzie alifanya sawasawa: pima kwanza, kata baadaye. Gerhardt alidai kuwa Mwingereza yule amechukua nyama mahali pasipo na ugonjwa, na akamjeruhi uzi mzima. Hadubini inasoma kile ilicholetewa tu.

Mwezi Juni Friedrich alipita mitaa ya London juu ya farasi katika sherehe za miaka 50 ya utawala wa mama mkwe wake, amevaa sare nyeupe, watu wakimshangilia. Septemba Mackenzie akapewa cheo cha Sir. Novemba, huko San Remo, Italia, akatazama tena na kuona uvimbe mpya ambao hata yeye hakuweza kuutetea. Friedrich aliambiwa kuwa huenda ni saratani, akapewa kuchagua, na akakataa kuondolewa zoloto. Tarehe 9 Februari 1888 pumzi ilimkatika, na daktari Bramann akamtoboa shingo kumwekea mrija. Ilikuwa kazi ileile ambayo Elisha Dick aliiombea ruhusa Mount Vernon akanyimwa.

Wilhelm I akafa tarehe 9 Machi. Friedrich III akarudi Berlin Kaisari asiye na sauti. Aliendesha dola kwa vipande vya karatasi, akiandika alichotaka kusema, huku madaktari wa mataifa mawili wakigombana chumba cha pili kuhusu mrija wa aina gani utumike. Mwezi Aprili von Bergmann alipobadilisha mrija ulikwenda kando ya njia, mgonjwa akatoka damu nyingi, na Mackenzie hakumsamehe kamwe. Friedrich alifariki tarehe 15 Juni 1888 baada ya kutawala siku 99. Maiti ilipopasuliwa, zoloto lilikuwa limeliwa na saratani.

Siku hizo 99 zina alama yake pwani yetu. Zilikuwa zile ambazo Sultani Barghash alifariki Zanzibar, na Khalifa, ndugu yake, akatia saini mwezi Aprili mkataba wa kuipangisha pwani ya bara kwa kampuni ya Kijerumani. Mwezi Agosti, Pangani ikawaka kwa uasi dhidi ya kampuni hiyo chini ya Abushiri bin Salim, na Kaisari aliyeletewa habari hizo alikuwa Wilhelm II, kijana wa miaka 29 mwenye kiu ya makoloni na manowari. Wanahistoria wa Ulaya hupenda kujiuliza karne ya 20 ingekuwaje lau baba yake angepona. Mimi sioni kwamba Abushiri angekunjua mkeka kwa sababu ya koo zima la mfalme wa Berlin. Kampuni ilikwishapewa hati ya kifalme tangu Februari 1885, na mpangaji wa pwani hakuhitaji ruhusa mpya.

Madaktari wa Ujerumani walitoa ripoti yao Julai. Mackenzie akajibu mwezi Oktoba kwa kitabu kizima, akifichua yaliyotokea kitandani kwa mgonjwa. Chuo cha wapasuaji cha Uingereza kilimkemea hadharani kwa hilo. Alikufa mwaka 1892 akiwa na miaka 54, na mpaka leo bado huzuka makala ya kumtetea au kumhukumu.

Kioo chenyewe kilipata mpinzani mwaka 1895. Daktari wa Berlin, Alfred Kirstein, alisikia kuwa chombo cha mwenzake cha kutazamia umio kiliteleza kwa bahati mbaya kikaingia bomba la pumzi. Kumbe kichwa kikiinuliwa na ulimi ukisukumwa kando, njia kutoka meno hadi nyuzi za sauti hunyooka kiasi cha kuonekana kwa jicho tupu. Kirstein akatengeneza kipande cha chuma chenye taa, akalitazama zoloto moja kwa moja bila kioo. Wajukuu wa chombo hicho wako katika kila chumba cha upasuaji kuanzia Muhimbili hadi hospitali ya mkoa: mtaalamu wa usingizi husimama kichwani mwa mgonjwa, huinua ulimi kwa chuma chenye mwanga, huzitazama nyuzi mbili nyeupe, na hupitisha mrija katikati yake.

Mwaka huohuo wa 1895 García aliacha kazi Royal Academy akiwa na miaka 90, ila wanafunzi waliendelea kumfuata nyumbani. Kioo hakukifanya chombo cha kufundishia. Alikuwa akisikiliza, kama zamani. Alipotimiza miaka 100, tarehe 17 Machi 1905, madaktari wa koo walikusanyika London kutoka nchi nyingi kumpa heshima, naye akaketi na kuwapokea mmoja mmoja. Mfalme Edward VII alimtunukia nishani, mchoraji John Singer Sargent akamchora, na kutoka Berlin ikaja medali kubwa ya dhahabu ya sayansi, zawadi ya Kaisari Wilhelm II, mtoto wa Friedrich. García alifariki London tarehe 1 Julai 1906.